Mbolea ya Ukoka na Maji ya Ziwa: Mhadhara kwa Madiwani wa Ufukwe wa Entebbe

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, na nanyi watunza bustani mliochagua viti vya nyuma ilhali mada ya leo ni yenu kuliko yetu sote, asanteni kwa kunialika. Nitazungumzia mbolea inayotiwa kwenye ukoka wa mapambo katika nyumba na hoteli zinazopakana na Ziwa Viktoria, na nitatetea jambo moja: baraza la wilaya linaweza kuidhibiti kwa sheria ndogo, mradi kalenda ya sheria hiyo ifuate mvua zetu wenyewe.

Mwezi Aprili mmoja nilikuwa nimeketi barazani katika nyumba ya wageni iliyo karibu na maji. Kijana alikuwa akirusha NPK, mbolea ya nitrojeni, fosforasi na potasiamu, kwa mkono kutoka kwenye beseni, wingu likiwa limeshatanda upande wa visiwa vya Ssese. Punje nyingi ziliangukia nyasi, lakini nyingine zilirukia matofali ya njia, na hakuna aliyezifagia. Usiku mvua ilipiga. Asubuhi njia ilikuwa nyeupe kwa usafi, kwa kuwa mtaro ulikuwa umeshazipeleka punje zile ziwani. Kijana hakuwa na kosa, maana alikuwa ameagizwa atie mbolea mvua ikikaribia ili asihangaike kumwagilia.

Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya aina hiyo ulioandikwa 17-17-17, yaani asilimia 17 ya kila kirutubisho, una kilo 8.5 za nitrojeni, na fosfati (fosforasi ikihesabiwa pamoja na oksijeni yake) kiasi hichohicho kwa hesabu ya kiwandani. Katika bahari, nitrojeni ndiyo mara nyingi huchochea mwani. Katika ziwa letu ni lazima tuitazame fosforasi kwanza, kwa sababu baadhi ya bakteria wa kijani-buluu wanaotanda juu ya maji hujichukulia nitrojeni kutoka hewani, wala hawahitaji mfuko wa mtu. Wakiongezeka, maji hugeuka rangi kama supu ya mboga. Wakifa, kuoza kwao hula oksijeni na kuwaacha sangara, yaani mputa, wakikosa pumzi. Wengine hutoa sumu ambayo kuchemsha maji hakuiondoi, jambo ambalo mama anayechota maji mwaloni hana namna ya kulijua. Ghuba ya Murchison, inakochotwa maji ya mitambo ya Ggaba inayoyasafisha kwa ajili ya Kampala, imekuwa ikichafuka kwa miaka mingi, na kadiri maji yanavyozidi kuwa ya kijani ndivyo kuyasafisha kunavyogharimu dawa nyingi zaidi.

Nisieleweke vibaya. Uchafu mwingi unaoingia ghuba ile unatokana na maji taka ya jiji la Kampala, mtaro wa Nakivubo na udongo unaomomolewa na mvua, sasa kwa kuwa mafunjo yaliyokuwa yakiuchuja yamefyekwa. Ukoka ni sehemu ndogo. Lakini maji taka yanahitaji mabilioni ya shilingi, na mkulima wa Uganda, ambaye anatumia mbolea kidogo mno, hafai kuongezewa kikwazo chochote. Ukoka haumlishi mtu. Ndiyo maana rasimu yoyote ianze kwa kutamka wazi kwamba mahindi, migomba na mboga havihusiki.

Wenzetu wa Florida, jimbo la pwani huko Marekani, wameshapita njia hii. Kaunti ya Sarasota ilitunga sheria yake mwaka 2007, na Pinellas ikafuata mwaka 2010: kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Septemba, ambao ndio msimu wao wa mvua, ni marufuku kutia nitrojeni wala fosforasi kwenye ukoka, na Pinellas ilikwenda mbele zaidi ikagusa hata uuzaji wake madukani katika miezi hiyo. Mji wa Ann Arbor, Michigan, ulizuia fosforasi kwenye ukoka kuanzia mwaka 2007, na watafiti waliopima mto Huron baadaye walikuta fosforasi imepungua kwa wastani wa asilimia 28. Mto huo unamwaga maji yake katika Ziwa Erie, ambalo ni la maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kama letu, kwa hiyo mimi huutegemea mfano huo kuliko ile ya Florida, ambako maji huishia baharini.

Wapo wanaopinga, na hoja yao si ya kipuuzi. Wanasema nyasi hukua wakati wa mvua na ndipo zinapoweza kuinyonya mbolea, na kwamba nyasi zilizodhoofika huacha udongo wazi ukabebwa na maji. Jibu langu ni kwamba ukoka uliozoeleka hapa, wa paspalum, unaweza kulishwa na majani yake wenyewe yakiachwa palepale baada ya kukatwa, badala ya kuzolewa kwa toroli na kuchomwa. Anayetaka zaidi atumie mbolea ya kuyeyuka polepole nje ya msimu, na atie fosforasi pale tu udongo wake ulipopimwa ukaonekana una upungufu.

Kwetu, basi, miezi ya kuzuia ni Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba. Tukinakili Juni hadi Septemba tutakuwa tumezuia mbolea hasa wakati wa kiangazi na kuiruhusu katikati ya masika. Kanuni za kitaifa za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinalinda mita 200 za ufukwe wa ziwa hili, lakini mtaro unaoshuka kutoka nusu kilometa kilimani hauutambui mpaka huo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inawapa nyinyi uwezo wa kutunga sheria ndogo, ambayo rasimu yake hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu ahakikishe haipingani na Katiba.

Sioni askari wa wilaya akiingia kila ua kuhesabu punje. Duka, kinyume chake, lina mlango mmoja, na muuzaji anamjua anayenunua kwa ajili ya shamba na anayenunua kwa ajili ya hoteli. Rasimu niliyomkabidhi Karani wa Baraza ina kurasa mbili. Ibara ya duka ndiyo ningependa tuanze nayo, na ningeomba wenye maduka ya pembejeo waliopo hapa wazungumze kabla ya diwani yeyote.