Tumepatana, sasa mtoto kapata nini?

(Haya ni maongezi niliyoyatoa kwa wazazi na walimu hapa Masasi, nimeyaandika kama nilivyoyasema, palipochekwa nimeacha hivohivo.)

Shikamooni wakubwa zangu. Asalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe, na ambao sijawagusa basi habari za tangu asubuhi. Nimeambiwa nina dakika arobaini ila naona wengine mna gari la kurudi Chikundi kwa hiyo ntakimbia kidogo, mkiona napitiliza pigeni makofi nitaelewa.

Nimekuja kuongelea ugomvi. Sio ule wa mipaka ya mikorosho, ule tunaujua wote (kicheko), naongelea mzazi na shule, pale mtoto mwenye ulemavu anapokosa kile anachostahili kupata darasani. Mimi ni msaidizi wa kisheria tu, sio wakili wala mwalimu, na haya mambo nilianza nikiwa sijui kitu, mengine nimeyaharibu kwa mikono yangu. Niruhusuni nianze na nililoliharibu.

Kuna mama alikuwa na binti darasa la nne, mwenye ualbino. Binti kachapwa kwa sababu kila siku daftari tupu, hanakili ubaoni. Mama akasikia, akaenda shuleni kanga kajifunga kiunoni, mnajua maana yake, akamkuta mwalimu varandani na maneno yaliyomtoka pale siwezi kuyarudia mbele ya shehe. Mwalimu naye hakukaa kimya. Mwalimu mkuu akasema huyu mama asikanyage tena hapa bila mwenyekiti wa kijiji. Ndo nikaitwa.

Tukakaa chini ya mwembe: mimi, mwenyekiti, mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa, mama, na mjomba wa mtoto, maana huku kwetu bila mjomba kikao hakijakaa. Zaidi ya saa mbili. Mama akaomba radhi kwa matusi, mwalimu akaomba radhi kwa fimbo, mjomba akatuma soda, watu wakashikana mikono, mwenyekiti akasema yaishe, wote tukaitikia yameisha. Nikarudi nyumbani najiona Kofi Annan (kicheko).

Wiki tatu baadae napita pale kwa shughuli nyingine, nikachungulia dirishani. Binti yuko palepale nyuma. Kainamia daftari, daftari tupu.

Nikaondoka na aibu yangu. Kile kikao tulichokaa kilimaliza ugomvi wa watu wazima, basi. Mtoto hakuwa amegombana na mtu, mtoto alikuwa haoni ubao, na kwenye zile saa mbili na ushee hakuna hata mmoja wetu aliyetamka neno ubao, wala hatukumuita yeye mwenyewe aje aseme, alikuwa anafagia uwanja juani wakati sisi tunakunywa soda kivulini.

Tukarudi kukaa mara ya pili, safari hii na mtoto. Mimi nilishaandaa jibu langu kichwani, akae mbele, yamekwisha. Kila mtu anajua hilo, mwenye uoni hafifu akae mbele. Nikamuuliza, unataka ukae wapi? Akanyamaza sana, akamwangalia mama yake, halafu akasema kwa sauti ndogo, "mbele ubao unawaka." Hatukuelewa. Tukanyanyuka wote tukaingia darasani, nikakaa kwenye lile dawati la mbele, na kweli jamani, lile darasa mlango uko pembeni ya ubao, asubuhi jua linaingia moja kwa moja linapiga kwenye ubao, unang'aa, hata mimi mwenye macho yangu nilikunja uso. Sasa mtu mwenye ualbino mwanga mkali unamuumiza macho, ndo maana alikimbilia nyuma mwenyewe! Mwalimu alikuwa anafikiri ni utoro wa akili. Kumbe kuna dawati la pili upande wa ukutani, mwanga haufiki, ubao uko karibu. Mtoto alikuwa analijua siku zote.

Na kofia. Kofia yake ilikuwa kwenye kabati la ofisini, ilichukuliwa eti sio yunifomu.

Siku ile ndo nilinunua kaunta buku. Tukaandika mistari michache. Atakaa dawati la pili ukutani. Mwalimu akiandika ubaoni asome kwa sauti anachoandika. Mapumziko ataachiwa daftari la mwalimu anakilie yale yaliyompita, na mama atamletea kalamu yenye wino mzito. Kofia na mikono mirefu ruksa, usafi wa uwanja afanye ule wa darasani badala yake. Mbele ya kila mstari jina la mtu anayehusika, chini tarehe ya kukutana tena, sahihi za wote pamoja na mjomba. Hakuna hata kimoja pale kilichohitaji bajeti kutoka Dodoma.

Sasa nisikilizeni walimu, msinielewe vibaya. Najua una watoto tisini mbele yako, hujapelekwa chuo cha ualimu Patandi kusomea elimu maalum, na mzazi anakuja anakufokea kana kwamba wewe ndo wizara. Nawaelewa. Lakini ukisema "siwezi" mzazi anasikia "sitaki", na hapo ugomvi umeshazaliwa. Sema unaweza nini na huwezi nini, halafu lile usiloliweza liandikwe liende juu, kwa afisa elimu kata, lifike kwa afisa elimu maalum wa halmashauri, lisibaki kwenye koo lako. Barua ile inakulinda hata wewe.

Na wazazi, neno "mnambagua mwanangu" linaweza kuwa kweli kabisa lakini kwenye kikao halishikiki. Mtu akikujibu "hatumbagui" mmefika wapi? Sema Jumatatu alipewa mtihani wenye maandishi madogo akarudisha mweupe, naomba wa Ijumaa uandikwe kwa herufi kubwa. Hilo mtu anaweza kulijibu ndio au hapana.

Sheria ipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, namba 9, kifungu cha 27 kinagusa elimu, mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, ya serikali au binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalum, na huko aliko apewe huduma za kumsaidia kujifunza. Kwa hiyo ukiambiwa mlangoni "mpeleke shule za wenzake" wewe sema sawa mwalimu, naomba niandikieni hivyohivyo na sababu yake. Mara nyingi kalamu haipatikani (kicheko). Na mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu Tanzania tuliuridhia 2009, ibara ya 24 ndo ya elimu. Ila mimi ukweli wangu ni huu, ukianza kikao kwa kutaja vifungu watu wanajifunga kama kobe. Viweke mfukoni kwanza.

Wenzetu Marekani wamelihangaikia hili tangu 1975, walipotunga sheria kwamba kila mtoto mwenye ulemavu apate elimu ya bure inayomfaa na awe na mpango wake wa maandishi, wake peke yake. Wakigombana kuna njia kadhaa: malalamiko ya maandishi kwa jimbo ambayo kwa kawaida yajibiwe ndani ya siku 60, upatanishi ambao mpatanishi halipwi na mzazi na sio mfanyakazi wa ile shule, na kusikilizwa shauri kabisa, na mzazi akifungua shauri shule lazima imuite wakae ndani ya siku 15 kabla halijasikilizwa. Msidhani huko ni peponi, mwenye hela anakuja na wakili na asiye nayo anahangaika kama mimi na wewe. Lakini viwili nimewaibia. Moja, yaliyosemwa kwenye upatanishi hayaendi kuwa ushahidi kwenye shauri, kwa hiyo mtu anaweza kukiri kosa bila kuogopa, na mwalimu wetu wa huku anaogopa sana hicho. Pili, mnapogombana mtoto anabaki pale alipokuwa anasoma mpaka muafaka upatikane. Huku kwetu tukigombana cha kwanza mtoto anarudishwa nyumbani, "mpaka mambo yakae sawa", na mambo yanakaa sawa msimu wa korosho unaisha, unaanza mwingine, mtoto bado anachunga mbuzi.

Halafu jamani msiitishe hivi vikao mwezi wa kumi. Watu wamehamia mashambani, mzazi hatokei, kwenye daftari inaandikwa mzazi hana ushirikiano. Huyo mzazi yuko chini ya mkorosho anaokota.

Kikao cha shule kikishindikana? Kamati ya shule ipo, afisa elimu kata yupo, halmashauri yuko afisa elimu maalum na afisa ustawi wa jamii, mkurugenzi juu yao. Kamati za watu wenye ulemavu kisheria zinatakiwa kuanzia kijiji na mtaa, kaulizeni kwenye kijiji chenu wajumbe ni akina nani, mtaona nyuso zitakavyobadilika. Na ikigoma kote huko kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, wana ofisi hapo Lindi, kulalamika ni bure, andika Kiswahili chako cha kawaida, na wao wana mamlaka ya kuwakalisha watu wapatane. Wasaidizi wa kisheria tunatambuliwa na sheria ya 2017, mtu akikuambia nauli na chai ndo nianze kazi, huyo sio sisi.

(Hapa baba mmoja akauliza: je mwalimu akigoma kusaini?)

Swali zuri sana baba. Usigombane nae. Andika hapohapo mbele yake, "ameombwa kusaini hakusaini", weka tarehe na saa, mwenyekiti asaini kama shahidi, piga picha na simu. Muachie nakala. Nimeona mtu akikaa siku mbili na ile nakala halafu anatuma mtoto, "mwambie mama aje na daftari".

(Mama mwingine: na yule binti yako wa mwembe?)

Yupo darasa la sita. Kikao cha marudio tulikaa, mstari wa kusoma kwa sauti ulikuwa haufanyiki, mwalimu kasema anasahau, binti akaombwa awe anagonga dawati mara moja. Sasa kumbe darasa zima limezoea, mwalimu akiandika kimya wanagonga wote.

Kaunta buku ninazo chache hapa mezani, wa Chikundi wachukue kwanza, gari lenu lile linapiga honi.