Seli Ikiwaka Kijani, Imetuambia Nini Hasa?

Walimu wangu na wanafunzi wenzangu, habari za mchana. Leo nataka tuzungumzie mwanga. Tunachukua jeni, tunaiunganisha na jeni ya protini inayong'aa kijani, tunaiingiza kwenye seli kwa kutumia chembe za virusi zilizonyimwa uwezo wa kuzaliana, kisha tunachungulia kwenye hadubini. Seli zikiwaka kijani, tunafurahi. Mwanga ule ni shahidi wa kweli, lakini ni shahidi wa jambo moja tu. Mtafiti asiyejua ni jambo gani atatangaza matokeo ambayo hayapo.

Tuanze na kibebaji cha jeni, yaani vekta. Mwaka 1996 Luigi Naldini, Didier Trono, Inder Verma na wenzao walionyesha kwamba vekta iliyotengenezwa kutokana na VVU inaweza kufikisha jeni ndani ya seli za neva kwenye ubongo wa panya. Seli hizo hazigawanyiki tena. Vekta zilizotangulia, za retrovirusi wengine (virusi wanaogeuza RNA yao kuwa DNA), zilikuwa zinakwama hapo, maana zilihitaji seli igawanyike ndipo zifike kwenye kromosomu.

Najua neno VVU halisikiki kirahisi kwetu. Wengi wetu tumezika ndugu. Kwa hiyo lieleweke vizuri: kinachotumika maabara leo si kirusi kizima. Katika mfumo wa kizazi cha tatu kazi imegawanywa kwenye plasmidi 4, yaani vipande vya DNA vya duara. Moja ina mzigo, yaani jeni tunayotaka kuiingiza, ya pili ina Gag na Pol (jeni za kiini cha chembe na vimeng'enya vyake), ya tatu Rev (inayosaidia RNA ya kirusi kutoka kwenye kiini cha seli), na ya nne ina protini ya ganda la nje, ambayo kwa kawaida hutolewa kwenye kirusi kingine kabisa, kile cha VSV kinachowapata ng'ombe na farasi. Tat, jeni ya VVU inayowasha jeni zake nyingine, imeondolewa. Seli za HEK293T, seli za binadamu zinazokuzwa maabara, hupewa plasmidi zote 4 na kutoa chembe zinazoingia kwenye seli mara moja tu, zikabandika mzigo, basi. Hata hivyo glavu na kabati la usalama ni lazima, kwa sababu chembe hiyo haichagui kati ya seli zilizo kwenye sahani na seli za kidole chako.

Mwanga wenyewe ulitoka baharini. Osamu Shimomura aliitenga protini ya kijani, GFP, kutoka kwa konyeza, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1962. Mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake waliiwasha ndani ya bakteria na minyoo, na Roger Tsien akaongeza rangi. Wote watatu walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008.

Sasa twende kwenye sahani yenye visima, na swali la kwanza: je, mwanga huo ni wa seli yenyewe? Umeweka vekta jana jioni, leo asubuhi unaona kijani hafifu. Usiandike kitu bado! Chembe hubeba GFP iliyokwisha kutengenezwa na seli za HEK293T, na mabaki ya plasmidi nayo huingia. Seli inang'aa kwa kitu ilichopewa, kabla haijatengeneza chake. Subiri siku 3, kisha pima tena baada ya wiki moja au mbili, seli zikiwa zimegawanyika mara kadhaa. Mwanga wa kuazima utakuwa umefifia.

Kuna kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Weka kisima kimoja chenye zidovudini, ile dawa ya kufubaza VVU tunayoijua kliniki. Vekta inatumia kimeng'enya kilekile cha VVU kugeuza RNA yake kuwa DNA, na zidovudini inakizuia. Kijani kitakachobaki kwenye kisima hicho hakikutokana na jeni iliyojibandika. Ni kisima kimoja tu cha nyongeza, na sioni sababu ya kukiacha.

Swali la pili ni idadi. Wengi hutamani seli zote ziwake, kwa hiyo wanamimina vekta nyingi. Chembe hutua kwa bahati. Ukiweka kwa wastani chembe 1 yenye uwezo kwa kila seli, takriban asilimia 37 hazipati kitu, 37 hupata nakala moja, na 26 hupata mbili au zaidi. Ukishusha hadi 0.3, asilimia 26 tu ndizo zitakazowaka, lakini kama 86 kati ya kila 100 zinazowaka zina nakala moja. Sahani yenye giza kubwa mara nyingi ndiyo yenye jibu safi.

Swali la tatu: kijani kimeunganishwaje na jeni yako? Kila kimoja kikiwa na promota yake, yaani kipande cha DNA kinachowasha jeni, GFP inaweza kuwaka huku jeni uliyoikusudia imezimika. Ukitumia IRES, kipande cha RNA kinachoruhusu protini ya pili ianze kutengenezwa katikati ya RNA, zote mbili ziko kwenye RNA moja, ila ya pili mara nyingi hutoka kidogo. Kiunganishi cha 2A, kipande kifupi kinachofanya protini mbili zitoke zikiwa zimetengana, huzitoa kwa viwango vinavyokaribiana. Vyovyote iwavyo, ipime protini yako yenyewe.

Na kwa mgonjwa je? Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba ya selimundu inayotumia vekta ya lentivirusi (kundi la virusi ambamo VVU imo), habari inayotuhusu sana sisi ambao watoto wetu wengi wanazaliwa na ugonjwa huo. Vekta hiyo haina kijani. GFP ni protini ya kigeni, na kinga ya mwili inaweza kuzishambulia seli zinazoibeba. Nakala huhesabiwa kwa PCR, kipimo kinachozidisha kipande cha DNA ili kihesabike. Halafu jeni yenyewe ya beta-globini imebadilishwa asidi amino moja, ya nafasi ya 87. Badiliko hilo huzuia hemoglobini kushikamana, na pia huwezesha hemoglobini hiyo kutofautishwa na ya kawaida kwenye kipimo cha kromatografia, kinachotenganisha protini moja na nyingine. Hapo dawa inajipima yenyewe.

Karibuni maswali.