Suruali Haivaliwi kwa Mstari Mmoja

Ndugu zangu, jambo hili nimeshalisema sana, na nitalisema mpaka wahariri wa vitabu vya watoto walisikie. Kitabu kimetokana na filamu, hadithi iko Ulaya ya karne ya 16, na msichana anataka uhuru. Anafanyaje? Ananyakua suruali ya kaka yake, anaivaa kwa mstari mmoja tu wa maandishi, anaruka dirishani. Suruali ya zama zile haikuvalika upesi hivyo.

Tuitazame suruali yenyewe. Haikuwa na zipu wala mpira kiunoni. Ilishikizwa kwenye kizibao cha kubana kwa vikamba vyenye ncha za chuma. Kikamba kilipita kwenye matundu mawili ya kizibao na mawili ya suruali, kikafungwa fundo. Kisha kingine, na kingine, kuzunguka kiuno chote. Vya mgongoni huvifikii vizuri peke yako. Ukikaza mno, unainama na matundu yanachanika. Ukilegeza, suruali inashuka. Wenye nafasi walikuwa na mtumishi wa kuwafunga.

Sasa mtoto wa miaka 4 aliyebanwa na haja, atafungua saa ngapi? Hii ni sababu mojawapo iliyofanya wavulana, sawa na dada zao, wavae gauni mpaka umri wa miaka 6 au 7 hivi. Hapo ndipo mvulana alipovishwa suruali, na Uingereza siku hiyo familia iliiadhimisha. Katika picha za zama zile, mwenye gauni refu na kola ya lesi huenda ndiye mrithi wa kiume. Tafuta upanga mdogo au kisu kiunoni: hiyo ndiyo dalili ya mvulana.

Mtaniambia watoto hawahitaji habari za matundu. Wanazihitaji! Kupitia matundu hayo mtoto wa miaka 9 anaona kwamba uanaume ulivishwa kwa hatua, mbele ya watu. Mtoto wa Lamu anayemwona babake katika kanzu kila Ijumaa ataelewa haraka.

Mtaniambia tena mwandishi hana kosa, kwa kuwa mara nyingi hupewa skripti kabla filamu haijakamilika na haruhusiwi kugeuza kisa. Sawa. Lakini skripti ikisema tu "anavaa", namna ya kuvaa ni kazi ya mwandishi. Mpe msichana rafiki wa kumfungia vikamba vya nyuma. Hapo umepata siri, hofu na mhusika wa pili.

Kuhusu wanazuoni wanaoeleza jinsi watu wa zamani walivyotofautisha mwili wa kike na wa kiume, nitapita haraka. Mwanahistoria Thomas Laqueur, mwaka 1990, alidai kwamba kabla ya karne ya 18 mwili wa mwanamke ulionwa kama wa mwanamume uliopungukiwa joto. Ushahidi wake mmoja ni kisa alichokisimulia Montaigne, mwandishi Mfaransa wa karne ya 16, cha Marie wa mji wa Vitry-le-François aliyeruka kwa nguvu akageuka mwanamume. Msiishie hapo. Mwanahistoria mwingine, Helen King, mwaka 2013, alionyesha kwamba tangu maandishi ya Kigiriki ya kale kulikuwa pia na waganga walioshikilia kuwa nyama yenyewe ya mwanamke ni tofauti. Mawazo hayo mawili yaliishi pamoja.

Na mkitaka kuingiza jukwaa la maigizo katika hadithi, angalieni hili. Wavulana kuigiza wanawake, mpaka mwaka 1660, ni habari ya majumba ya maigizo ya London. Msiihamishie Italia: mwaka 1589, katika harusi ya Medici, familia iliyotawala Florence, mwigizaji Isabella Andreini alipanda jukwaani mwenyewe, na alikuwa tayari nyota.