Mgambo wa Kwao na Mgambo wa Kwetu
(Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini)

Asanteni. Walimu wangu, wazee wetu mliokaa mbele, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, poleni na joto. Leo nazungumzia bunduki mikononi mwa raia, kwao Marekani na kwetu.

Nianze na mjomba wangu wa Nanyumbu. Alikuwa na gobore, kalizungushia gunia na kulichomeka kwenye paa la jiko mpaka mtutu ukawa mweusi kwa moshi. Kazi yake ilikuwa moja tu, nguruwe pori wanaoingia kwenye mihogo. Lilipotoka tangazo la kusalimisha silaha kwa hiari, akalifunga kwenye keria ya baiskeli kwa mpira wa tyubu, akalipeleka polisi. Aliporudi aliniuliza: “Haya, mpwa wangu, sasa nguruwe niwapigie debe?” (Kicheko.)

Hakuuliza haki yake imekwenda wapi. Kwake bunduki ni kitu cha serikali, mwananchi unaazimwa tu. Mkulima wa Texas angeuliza swali jingine kabisa, na asingekuwa mwehu.

Katiba ya Marekani ina Marekebisho ya Pili, ya mwaka 1791. Ni sentensi moja, na inaanza kwa kutaja mgambo: kwa kuwa mgambo uliopangwa vizuri ni wa lazima kwa usalama wa nchi huru, haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba isiingiliwe. Sasa mtajie mgambo kijana anayepanga viatu chini pale sokoni. Ataanza kukusanya turubai lake. (Kicheko.) Mgambo wa kwetu anatumwa na serikali. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipotaka wananchi wafundishwe ulinzi, hofu ilikuwa adui wa nje. Wareno walikuwa wameivamia Guinea miezi michache kabla, na sisi hapa Wareno walikuwa ng'ambo ya Ruvuma tu. Katiba yetu, Ibara ya 147, inamkataza mtu yeyote asiyekuwa Serikali kuunda jeshi la aina yoyote. Wale wa Marekani walikuwa wametoka kupigana na mfalme wa Uingereza, na wengi walikwenda vitani na bunduki za nyumbani. Mgambo wao ulikuwa wa kuichunga serikali pia, hata ile waliyoiunda wenyewe.

Kwao pia wamebishana miaka mingi: haki hii ni ya mgambo, au ya kila mtu nyumbani kwake? Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama yao ya Juu ilisema ni ya mtu binafsi, majaji watano kwa wanne. Kura moja! Makadirio ya 2017 yalitaja bunduki milioni 393 mikononi mwa raia wa nchi ile. Zinawazidi watu.

Mwaka 1996 mtu aliingia shule ya Dunblane, Scotland, akaua watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka uliofuata bastola karibu zote zikapigwa marufuku. Mwaka huohuo wa 1996, Australia walipoteza watu 35 kule Port Arthur, na serikali ikanunua bunduki zaidi ya 600,000 na kuziharibu. Mwaka 2012, Sandy Hook, Marekani, wakafa watoto 20 na watu wazima sita wa shule. Miezi minne baadaye, muswada wa kupanua uchunguzi wa wanunuzi wa bunduki ukakwama Seneti. Machozi ni yaleyale. Kilichotofautiana ni kile ambacho kila taifa lilikuwa linakiogopa kabla ya msiba.

Vukeni Ruvuma mkaione bendera ya Msumbiji: jembe, kitabu, na AK-47 yenye singe. Wapiganaji wa FRELIMO, chama chao cha ukombozi, walifunzwa Nachingwea hapa jirani, na uhuru waliupata kwa mtutu. Nembo yetu sisi ina mkuki, jembe na shoka. Lakini haohao wa Msumbiji, baada ya vita vyao vya ndani kwisha mwaka 1992, makanisa yao yalianza kupokea bunduki na kutoa majembe na baiskeli. Mjomba wangu alirudi mikono mitupu.

Na sisi wa Kusini tusisahau Umatumbi, 1905. Watu waliambiwa risasi za Mjerumani zitageuka maji. Bombomu, ile bunduki yake ya rashasha, halikugeuka. Nadhani tangu hapo bibi zetu wakisikia bunduki, wanafikiria serikali.

(Mzee mmoja wa mbele akainua bakora na kuuliza: “Kama bunduki zote anazo yeye serikali, yeye anashikwa na nani?”)

Shikamoo, mzee. Umenibana. Oktoba 2013 ilianza Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili. Yakaja malalamiko ya watu kuteswa, wengine kufa. Ikasimamishwa, Bunge likachunguza, na Desemba mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Hakuna raia aliyefyatua risasi kulifikia hilo. Mmarekani angesema ripoti haimzuii anayekupiga usiku huo, na hapo sina jibu la kumpa. Ila nimeona wanaokufa kwao ni watoto wa shule, na bado siombi bunduki.

Mjomba? Anapiga debe, la kweli, la mafuta ya kula. Msimu uliopita nguruwe walikula nusu ya mihogo yake. Haya, wewe wa mlangoni, sogea uulize.