Kobe wa Bustanini Huponzwa na Wanaompenda

Ndugu zangu mliojitolea kuongoza wageni bustanini, na ninyi watunza bustani mlioketi huko nyuma kana kwamba mazungumzo haya hayawahusu, karibuni.

Siku moja mtoto wa miaka kama saba alimkuta kobe ukingoni mwa bwawa. "Maskini, joto limemzidi," akasema, akambeba, akamtosa majini. Sasa, kobe si kasa. Kasa ana makasia. Kobe wa nchi kavu ana miguu kama vigogo na gamba zito, kwenye kina kirefu anazama. Tulimwopoa yu hai. Mtoto alilia mpaka kwikwi.

Tangu hapo sipotezi muda kuwahubiria wageni habari za majangili. Anayempenda kobe humlisha mkate, na tumbo lile limeumbwa kwa nyasi na majani. Anayempenda humnyanyua wapigwe picha; kobe akishtuka anakojoa, watu wanaangua kicheko. Kumbe kwa kobe wa maeneo makavu kibofu ndicho mtungi wake wa maji, na kiangazi mzaha huo unaweza kumwua. Anayempenda akichoka kumfuga nyumbani, humleta usiku akamwachia ndani ya ua wetu, pengine na mafua yake, yakawaambukiza wenzake. (Kobe wote wa nchi kavu wamo kwenye orodha za mkataba wa CITES wa biashara ya wanyamapori, lakini mkataba haulindi geti usiku.)

Bango la "Usiguse" tunalo. Nimeshamwona mtu ameliegemea huku akimlisha kobe biskuti.

Watunza bustani, zamu yenu. Kobe hufukia mayai ardhini, na kwa aina nyingi joto la udongo ndilo linaloamua atoke dume au jike. Udongo wenye joto zaidi hutoa majike. Ukifyeka kichaka kilichotia kivuli, au ukachimbua tuta la maua alipotaga, umeingilia kizazi kizima bila kujua. Ndiyo maana nasema mafunzo yaanze na wenye majembe, watoto wa shule wafuate.

Na tusiwe na haraka. Kobe aitwaye Jonathan, wa kisiwa cha Saint Helena, anakadiriwa kuanguliwa karibu na mwaka 1832. Kwa mnyama wa namna hiyo, mradi wa miezi sita ni salamu ya njiani.

Haya, hapa mezani nina gamba tupu la kobe aliyejifia. Pokezaneni taratibu. Ligeuzeni. Mnauona ule mstari wa mifupa unaopita katikati ya paa kama boriti? Huo ni uti wa mgongo, na hizo za pembeni ni mbavu. Si nyumba anayoingia na kutoka. Ni mwili wake, ukimkwaruza juu anahisi. Gamba hili ndilo tutakalowapa watoto Jumamosi. Mama uliye mwisho wa safu, hebu lipitishe nyuma, wenye majembe bado hawajalishika.