Wingi Si Uzima: Tope Kando ya Bomba la Maji Taka

Nimeshayasema haya mara nyingi, na leo nayarudia kwa sababu bado naletewa ripoti zilezile za bahari karibu na bomba la maji taka. Bakteria ndani ya maji wamehesabiwa, wamepungua, watu waogelee. Na tope la chini? Halikuguswa. Maji mliyoyapima jana mkondo umeshayachukua. Tope lipo palepale.

Mwanafunzi wangu mmoja alichukua tope karibu na mdomo wa bomba, akalichekecha, akanijia mbio: “Mwalimu, hapa kuna uhai zaidi kuliko kule mbali!” Nikamuuliza, wa aina ngapi? Akarudi kwenye hadubini. Karibu wote walikuwa Capitella, mnyoo mwembamba mwekundu. Chembe za taka zikituama, bakteria huzila na kumaliza oksijeni. Tope hugeuka jeusi na kunuka yai viza. Wengi hufa au huhama. Capitella huvumilia, na huzaana haraka sana. Basi mkihesabu vichwa tu, mtaandika kwamba bahari imestawi! Watafiti wa bahari Pearson na Rosenberg waliueleza mpangilio huu mwaka 1978: taka zikizidi mno hakuna mnyama, ukisogea kidogo, aina chache zimejazana, ukienda mbali zaidi, aina zinaongezeka. Ni karibu miaka hamsini sasa, na bado kuna anayenionyesha idadi peke yake.

Najua mtasema: kinyesi si mbolea? Ndiyo, ni mbolea. Kikiwa kidogo, aina zinaweza hata kuongezeka. Lakini bomba halipumziki, na chakula kisichowahi kuliwa huoza.

Halafu kuna chekeche lenyewe. Mnatumia matundu ya milimita moja, au nusu milimita, na yote yanayopita mnamwaga. Mnamwaga nematodi, minyoo midogo sana ya mviringo. Mnamwaga kopepodi, hao wadogo wa jamii ya kamba, ambao kwa kawaida oksijeni ikipungua hutangulia kutoweka kabla ya nematodi. Mnamwaga foraminifera wengi, na hapo ndipo naumia. Huyu ana seli moja tu, lakini wengi wao hujijengea gamba, na akifa gamba hubaki. Chukueni mche wa tope, yaani nguzo ya tope iliyochotwa wima kwa mrija, mkate tabaka kwa tabaka, na mnaweza kuona nani aliishi hapo kabla bomba halijajengwa. Bakteria wa kwenye maji hawawezi kuwaambia hilo.

Kuhusu metali na mabaki ya dawa, muda umenibana, nayaacha.

Ila msiniambie hakuna la kufanya. Huko Boston, Marekani, waliacha kumwaga bandarini tope linalobaki baada ya kusafisha maji taka mwaka 1991, na mwaka 2000 maji yaliyosafishwa yakapelekwa kwa handaki hadi kilomita 15 hivi nje ya bandari. Wanyama wa tope wa bandari ile wakaanza kurudi, aina baada ya aina. Yalijulikana kwa sababu kuna watu waliochota tope kila mwaka na kuhesabu aina.

Hadubini ziko meza ya nyuma. Anzeni na sahani ya kushoto.