Jinsi ya Kujenga Mfumo Mdogo wa Programu-Jalizi kwa Python

Ndugu mtazamaji, karibu. Leo tutajenga mfumo wa programu-jalizi (plugin), yaani vipande vidogo vya msimbo vinavyoiongezea programu kuu kazi mpya, kwa lugha ya Python bila kusakinisha maktaba yoyote ya nje, na msimbo wote hautazidi mistari 50. Unahitaji Python toleo la 3.5 au la baadaye, kwa sababu funksheni ya module_from_spec tutakayoitegemea iliongezwa katika toleo hilo.

Mfano wetu ni programu inayosoma faili ya maandishi na kuyageuza: pengine kuyaweka yote katika herufi kubwa, pengine kuondoa nafasi zilizozidi. Ukiandika kazi zote hizo ndani ya faili kuu, kila kazi mpya itadai sharti jipya la if, na kila anayeongeza jambo atalazimika kuigusa faili ileile ambayo wengine wote wanaitegemea. Sisi tunataka programu kuu isijue jina la programu-jalizi hata moja, ili kuongeza kazi kuwe ni kuweka faili moja ndani ya folda, na kuiondoa kuwe ni kuifuta faili hiyo.

Hatua ya kwanza, tengeneza folda ya mradi, na ndani yake uweke faili mbili tupu, kuu.py na rejesta.py, pamoja na folda ndogo iitwayo jalizi.

Hatua ya pili, fungua rejesta.py. Andika kamusi tupu (dict) iitwayo KAZI, kisha funksheni iitwayo sajili, ambayo tutaitumia kama dekoreta, yaani alama ya @ inayowekwa juu ya funksheni nyingine. Inapokea jina la kazi na kurudisha funksheni ya ndani, ambayo nayo huichukua funksheni ya mwandishi wa programu-jalizi, huiweka ndani ya kamusi chini ya jina lile, kisha huirudisha kama ilivyokuwa. Kabla ya kuiweka, kagua kama jina limekwisha kutumika, na kama limetumika, toa hitilafu ya ValueError; vinginevyo programu-jalizi ya pili itaifuta ya kwanza kimyakimya.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana wengi huuliza kwa nini rejesta isikae ndani ya kuu.py. Unapoendesha kuu.py kutoka kwenye terminali, Python haiipi moduli hiyo jina la kuu, bali huiita __main__. Sasa programu-jalizi ikijaribu kuingiza sajili kutoka kuu, Python hutafuta moduli yenye jina hilo, haiioni miongoni mwa zilizokwisha kupakiwa, na hivyo huisoma faili ileile kwa mara ya pili. Matokeo yake ni kamusi mbili: programu-jalizi inajisajili katika moja, na programu inaitazama nyingine, ambayo ni tupu. Hakuna ujumbe wowote wa hitilafu utakaokuonyesha kilichotokea. Kosa hili liliwahi kunipotezea siku nzima, na dawa yake ni hii tu ya kuitenga rejesta katika faili yake.

Hatua ya tatu ni kipakiaji, yaani sehemu inayozitafuta programu-jalizi na kuzipakia, nacho kinakaa ndani ya kuu.py. Ingiza Path kutoka pathlib, pamoja na importlib.util, sys na traceback. Kwa kutumia glob ya Path, orodhesha faili zote za folda ya jalizi zinazoishia na .py, ukizipitisha kwenye sorted, kwa kuwa glob haiahidi mpangilio wowote na hutaki programu ipakie kwa mpangilio tofauti katika kompyuta mbili. Ruka zile ambazo majina yake yanaanza na alama ya mstari wa chini (_). Kwa kila faili iliyobaki, tunga jina la moduli kwa kutanguliza jalizi_ mbele ya jina la faili. Bila kitangulizi hicho, mtu akiiita faili yake json.py, ataichukulia nafasi moduli ya json ya Python yenyewe. Kisha ita spec_from_file_location, halafu module_from_spec, iandike moduli ndani ya sys.modules, ambayo ni kamusi ya moduli zilizokwisha kupakiwa, na mwisho uite exec_module.

Mwito huo wa mwisho ndio unaoendesha msimbo wa mtu mwingine, kwa hiyo uzungushie try na except. Ukinasa Exception, utazipata hitilafu nyingi, hata makosa ya sarufi ya Python; lakini SystemExit, inayotolewa na sys.exit ili kufunga programu, haimo katika ukoo huo, na programu-jalizi moja yenye sys.exit inaweza kuifunga programu yako yote. Mimi hunasa zote mbili, na kuiacha KeyboardInterrupt (ya Ctrl+C) ipite ili mtumiaji aweze kusimamisha programu. Moduli ikishindwa, iondoe katika sys.modules na uchapishe maelezo kamili ya hitilafu, kwa sababu mwandishi wake atayahitaji.

Hatua ya nne, andika programu-jalizi ya kwanza ndani ya folda ya jalizi: ingiza sajili kutoka rejesta, weka dekoreta yenye jina herufi_kubwa, na chini yake funksheni inayopokea maandishi na kurudisha maandishi.upper(). Mkataba wetu wote ni huo: yanaingia maandishi, yanatoka maandishi. Katika kuu.py, kagua kwamba kilichorudi ni str (maandishi) kweli, kwa kuwa anayesahau return atakurudishia None.

Sasa endesha kuu.py ukitaja jina la kazi na faili ya kugeuzwa. Ikifanya kazi, ongeza programu-jalizi ya pili iliyokosa mabano ya kufunga kwa makusudi, uone kwamba ya kwanza bado inapakiwa.

Tafadhali usiichukulie try kuwa ulinzi. Programu-jalizi inaendeshwa kwa ruhusa zote za mtumiaji, na inaweza kusoma au kufuta faili zake; hakikisha hakuna mwingine anayeweza kuandika ndani ya folda ya jalizi. Na siku utakapotaka watu wasakinishe programu-jalizi kwa pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, badilisha kipakiaji pekee kitumie importlib.metadata, iliyokuja na toleo la 3.8, na rejesta uiache kama ilivyo.